Dawa za dopamini katika ugonjwa wa Parkinson

Dawa za dopamini ni dawa zinazotuliza dalili za ugonjwa wa Parkinson kwa kurudisha ubongoni kazi ya dopamini, kemikali ambayo ugonjwa huo huipunguza. Iliyo muhimu zaidi kati yake ni levodopa (pia: L-dopa). Imetumika tangu miaka ya 1960, na hadi leo hakuna dawa ya kunywa iliyoipita kwa nguvu. Nyingine ama huiga dopamini, ama huichelewesha isivunjwe mapema.

Dawa hizi haziponyi ugonjwa, wala haijathibitishwa kwamba zinazuia seli za ubongo kuendelea kufa. Hata hivyo zinaweza kumrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati, kula bila kulishwa na kutembea mwenyewe kwa miaka mingi. Faida za levodopa na usumbufu wake vinaeleweka vizuri zaidi ikikumbukwa kwamba mgonjwa hapewi dopamini yenyewe, bali malighafi yake, na kwamba malighafi hiyo ina safari ndefu kabla ya kufika inapohitajika.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, katika kijitabu alichokiandika juu ya ulemavu wa kutetemeka. Baadaye daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza uitwe kwa jina lake. Dalili zinazojulikana zaidi ni mkono au mguu kutetemeka ukiwa umetulia, misuli kukakamaa, na miendo yote kuwa ya polepole. Kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili. Mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia, uso huacha kuonyesha furaha au huzuni, na mkono mmoja huacha kuyumba mtu anapotembea. Miaka ikienda, mgonjwa hupoteza pia mizani na kuanguka.

Katika ubongo wa kati kuna eneo dogo linaloitwa kwa Kilatini substantia nigra, yaani "kitu cheusi", kutokana na rangi yake. Seli za eneo hilo hutengeneza dopamini na kuipeleka katika eneo jingine, striatamu, linalosaidia kuanzisha na kupima miendo. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa polepole. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya dopamini ya striatamu huwa imekwisha kupotea, na mgonjwa hakuwa na habari.

Ni muhimu kuelewa kwamba huku si kupooza. Misuli ni mizima, na neva zinazotoka katika uti wa mgongo ni nzima pia. Kinachokosekana ni kama ruhusa ya kuanza. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimama mlangoni kama aliyegandishwa, kisha akichorewa mstari sakafuni akauvuka bila shida. Kwa kuwa mwili bado unaweza, dawa inayorudisha ruhusa hiyo huleta mabadiliko yanayoonekana kwa macho, wakati mwingine katika muda usiozidi saa moja.

Kwa nini mgonjwa hapewi dopamini

Swali hili huulizwa na kila mwanafunzi, na ni swali la haki. Mgonjwa wa kisukari anayekosa insulini huchomwa sindano ya insulini. Kwa nini anayekosa dopamini asipewe dopamini?

Sababu ni kwamba ubongo una ulinzi. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimeshikamana sana, hivyo kemikali nyingi zinazozunguka katika damu haziwezi kupenya. Ulinzi huo huitwa kizuizi cha damu na ubongo. Dopamini ni mojawapo ya kemikali zinazozuiwa. Hata ikitiwa kwenye mshipa wa damu kwa wingi, itasumbua moyo na shinikizo la damu lakini haitaufikia ubongo.

Levodopa ni kitu kingine. Ni asidi amino, jamaa ya zile zinazopatikana katika nyama na maharage, na ubongo unazo njia maalumu za kuingizia asidi amino kwa sababu unazihitaji. Levodopa hupita kupitia njia hizo. Ikishaingia, kimeng'enya kiitwacho dopa-dekaboksilezi huibadilisha kuwa dopamini, na seli zilizobaki huihifadhi na kuitumia.

Shida ni kwamba kimeng'enya hichohicho kimo pia nje ya ubongo, hasa katika utumbo, ini na figo. Levodopa ikinywewa peke yake, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini kabla ya kufika kwenye kizuizi, na hapo inakuwa imekwama upande usiofaa. Ikiwa huko haikai bure: inaamsha sehemu ya ubongo inayosababisha kutapika, ambayo haina ulinzi uleule, na kuteremsha shinikizo la damu. Kinachofika mahali pake ni kiasi kidogo sana cha kile kilichomezwa.

Kutoka kwenye maharage hadi hospitali

Levodopa ilijulikana zaidi ya miaka 40 kabla ya mtu yeyote kujua ina faida gani. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim, aliyefanya kazi katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, aliitoa katika aina ya maharage makubwa (Vicia faba). Alimeza gramu 2.5 yeye mwenyewe ili aone itafanya nini, akatapika sana. Kwa miaka mingi iliyofuata wataalamu waliiona kuwa kitu kisicho na kazi ya maana, na dopamini yenyewe ilihesabiwa kuwa hatua tu katika utengenezaji wa adrenalini.

Mambo yalibadilika mwaka 1957. Nchini Uswidi, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa iliyokuwa ikitumika kwa shinikizo la damu. Sungura wakalegea, masikio yameanguka, hawawezi kusogea. Walipochomwa sindano ya dopa waliamka na kuanza tena kutembea. Muda mfupi baadaye ilionekana kwamba dopamini imo kwa wingi katika striatamu, eneo la miendo. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel.

Huko Vienna, Austria, Oleh Hornykiewicz alichukua hatua iliyofuata: akapima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1960 yeye na Herbert Ehringer walitangaza kwamba dopamini ilikuwa imepungua mno katika striatamu ya watu hao. Mwaka 1961 Hornykiewicz na daktari Walther Birkmayer waliwachoma wagonjwa levodopa kwenye mshipa. Waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliketi, waliokuwa hawawezi kusimama walisimama, na wengine walitembea. Baada ya saa chache nguvu ikaisha, wakarudi walivyokuwa.

Wengi hawakuamini, kwa sababu madaktari wengine walijaribu dozi ndogo na hawakuona kitu, au walijaribu kubwa na wagonjwa wakatapika. Aliyemaliza ubishi alikuwa George Cotzias, daktari aliyezaliwa Ugiriki na kufanya kazi katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Marekani. Ugunduzi wake ulikuwa wa subira zaidi kuliko wa kemia: alianza na kiasi kidogo sana, akaongeza polepole kwa wiki nyingi, mwili ukazoea. Mwaka 1967 alichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakimeza gramu nyingi kwa siku, baadhi yao hadi gramu 16 za mchanganyiko ambao nusu yake tu ndiyo levodopa. Mwaka 1970 dawa iliruhusiwa rasmi Marekani.

Mwenzi wa levodopa

Katika miaka ya 1970 levodopa ilipewa mwenzi. Karbidopa na benserazidi ni kemikali zinazozuia kimeng'enya kilichotajwa hapo juu, lakini zenyewe haziwezi kuvuka kizuizi cha damu na ubongo. Ujanja wote umo humo: kimeng'enya kinazuiwa mwilini, lakini ubongoni kinaachwa kifanye kazi yake. Levodopa inayohitajika hupungua kwa kiasi cha robo tatu, na kutapika hupungua sana.

Vidonge vya levodopa na karbidopa vilipewa jina la biashara Sinemet, linalotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "bila kutapika". Vya levodopa na benserazidi huitwa Madopar. Leo karibu hakuna mgonjwa anayepewa levodopa peke yake. Namba mbili zinazoandikwa kwenye pakiti, kwa mfano 250/25, zina maana ya miligramu 250 za levodopa na miligramu 25 za karbidopa.

Namna inavyotumika

Mpaka leo madaktari hufuata njia ya Cotzias: kuanza kidogo na kupanda polepole, hadi kifike kiasi kidogo kabisa kinachomwezesha mgonjwa kufanya shughuli zake. Kwa kawaida dozi hugawanywa mara tatu kwa siku mwanzoni. Mgonjwa akipata nafuu dhahiri, hilo lenyewe huwa ushahidi kwamba ugonjwa ulitambuliwa sawasawa, kwa kuwa magonjwa kadhaa yanayofanana na Parkinson hayaitikii levodopa vizuri.

Saa za kumeza zina uzito kuliko katika dawa nyingi. Levodopa haikai katika damu muda mrefu. Hata ikiwa na karbidopa, nusu yake huondoka katika saa moja na nusu hivi. Mgonjwa aliyepangiwa saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni akichelewa saa mbili, mwili wake utamkumbusha.

Chakula nacho kina nafasi yake. Kwa kuwa levodopa hutumia njia moja na asidi amino nyingine, mlo wenye protini nyingi huigombania njia, kwanza katika utumbo na tena kwenye kizuizi cha ubongo. Sahani ya maharage na samaki, au mayai na maziwa, ikiliwa pamoja na kidonge, inaweza kuifanya dozi ionekane kama haikumezwa. Kwa hiyo wagonjwa wengi hushauriwa kumeza dawa nusu saa kabla ya kula, au saa moja au zaidi baadaye. Mwanzoni, kichefuchefu kikiwapo, kidonge kinaweza kumezwa na kitu chepesi kisicho na protini nyingi, kama uji usio na maziwa au kipande cha muhogo. Haina maana kwamba mgonjwa aache protini, kwani atadhoofika. Wengine husogeza sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa jioni. Vidonge vya madini ya chuma pia hupunguza levodopa inayofyonzwa, hivyo huachanishwa nayo kwa saa kadhaa.

Jambo moja halina mjadala: dawa isikatishwe ghafla. Mtu aliyeizoea akiacha siku moja anaweza kukakamaa vibaya, kupata homa kali na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Hatari hii huwapata hasa wanaolazwa hospitalini kwa sababu nyingine, mathalani upasuaji au malaria, na dawa zao zikaachwa nyumbani.

Miaka inavyokwenda

Miaka michache ya kwanza huitwa na baadhi ya madaktari fungate, na wagonjwa wengi wanakubali. Seli zilizobaki bado zinaweza kuhifadhi dopamini na kuitoa kidogokidogo, hivyo vidonge vitatu vinatosha siku nzima. Seli hizo zikizidi kupungua, ghala linakosekana. Mgonjwa anaanza kuishi kwa kufuata kila kidonge: dakika 40 baada ya kukimeza anatembea, na kabla ya kingine anakakamaa. Baadaye mabadiliko yanaweza kuja bila kufuata saa, kama taa inayowaka na kuzimika.

Usumbufu wa pili ni miendo isiyotakiwa. Dawa ikiwa kileleni, mikono, shingo au kiwiliwili hujipindapinda na kuchezacheza bila mwenyewe kutaka. Mtu asiyejua hudhani huo ndio ugonjwa, kumbe ni dawa iliyozidi kwa wakati huo. Baada ya miaka mitano hivi ya matibabu, takriban wagonjwa wanne katika kumi huwa wameonja miendo hiyo. Tiba yake ni kugawa dozi ziwe ndogo na za mara nyingi, au kuongeza amantadini, dawa iliyotengenezwa awali kwa ajili ya mafua makali.

Kutokana na usumbufu huo lilizuka wazo kwamba levodopa "inaisha nguvu", na kwamba ni busara kuvumilia bila dawa kwa miaka kadhaa ili kuiweka akiba. Madaktari wengi waliwashauri wagonjwa hivyo, na wapo wanaoshauri hivyo bado. Jibu zuri lilitoka Afrika. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao kwa kukosa dawa walianza levodopa kwa wastani miaka zaidi ya 4 tangu dalili za kwanza, na wagonjwa wa Italia walioanza mapema zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wale wa Ghana walipata usumbufu muda mfupi tu baada ya kuanza dawa. Lakini ukihesabu tangu ugonjwa ulipoanza, makundi yote mawili yalifika hapo karibu wakati mmoja. Maana yake ni kwamba kinacholeta usumbufu hasa ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, si idadi ya miaka ya kumeza dawa. Waliosubiri hawakuweka akiba yoyote. Walipoteza miaka ambayo wangeweza kulima, kufundisha au kushona. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 445, ulionyesha pia kwamba kuanza levodopa mapema hakuharakishi ugonjwa, ingawa hakuupunguzi mwendo.

Kuna dalili ambazo levodopa haizisaidii sana hata iwe nyingi: kuanguka, kumeza kwa shida, kusahau, kufunga choo. Dozi kubwa kwa wazee inaweza kuleta kizunguzungu wanapoinuka na kuwafanya waone watu au wanyama ambao hawapo. Familia huhofu kwamba mzee amerukwa na akili au amechezewa. Mara nyingi dozi ikipunguzwa maono hayo hutoweka.

Dawa nyingine za kundi hili

Baadhi ya dawa huiga dopamini na kugusa moja kwa moja vipokezi vyake, bila kuhitaji kubadilishwa kwanza. Bromokriptini ni ya zamani. Pramipeksoli na ropiniroli zilikuja miaka ya 1990. Rotigotini hubandikwa kwenye ngozi, na apomofini huchomwa chini ya ngozi mgonjwa anapoganda ghafla. Nyingi kati yake hukaa mwilini muda mrefu kuliko levodopa na huleta miendo isiyotakiwa kwa nadra zaidi, kwa hiyo hupendelewa na madaktari wengi kwa wagonjwa wasio wazee. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya levodopa, na ina madhara yake ya kipekee. Mgonjwa anaweza kushikwa na usingizi ghafla hata akiwa anaendesha gari. Wengine, ambao hawakuwahi kuwa na tabia hiyo maishani, hujikuta wanacheza kamari hadi wanamaliza akiba, wananunua vitu ovyo, au wanakuwa na tamaa ya ngono isiyozuilika. Wengi huona aibu kusema, na ndoa zimevunjika kabla ya yeyote kukitazama kidonge. Inafaa mwenzi wa mgonjwa aambiwe mapema.

Selejilini na rasajilini huzuia kimeng'enya kinachovunja dopamini ndani ya ubongo. Entakaponi hurefusha maisha ya levodopa katika damu. Hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya kahawia nyekundu, jambo lisilo na madhara lakini linalotisha asiyeonywa. Vidonge vikishindwa, zipo njia kama kupitisha levodopa moja kwa moja utumbona kwa mrija, au upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ubongoni; zote ni za gharama kubwa.

Dawa za kuepukwa

Kama zipo dawa zinazoongeza kazi ya dopamini, zipo pia zinazoizuia, na baadhi hutolewa kila siku katika zahanati na maduka ya dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika ni mfano mkubwa. Nyingine ni haloperidoli na klorpromazini kwa magonjwa ya akili, na sinarizini kwa kizunguzungu. Kwa mgonjwa wa Parkinson zinaweza kufuta kazi ya levodopa. Kwa mtu mwingine, hasa mzee, zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson, ambazo kwa kawaida huondoka dawa ikiachwa, ingawa huweza kuchukua miezi. Mgonjwa wa Parkinson akitapika hupewa domperidoni, kwa kuwa haivuki kwa urahisi kuingia ubongoni. Nayo huhitaji uangalifu kwa wenye maradhi ya moyo.

Upupu

Upupu (Mucuna pruriens), mmea unaojulikana na kila mtoto wa shule kwa mwasho wa maganda yake, una levodopa ya asili katika mbegu zake, takriban asilimia 4 hadi 6. Nchini India mbegu hizo zimetumika katika tiba ya jadi ya Ayurveda tangu zamani, ikiwa ni pamoja na kwa watu wanaotetemeka. Si imani tupu: jaribio lililofanywa Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 18, lilionyesha kwamba unga wa mbegu hizo uliwafungua wagonjwa sawa na vidonge.

Lakini katika jaribio lililofuata la wiki 16, nusu ya wagonjwa 14 waliacha, wengine kwa kusumbuliwa na tumbo, wengine kwa sababu hali yao ilizidi kuwa mbaya. Unga hauna karbidopa, na kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu. Anayeutumia juu ya vidonge vyake bila kumwambia daktari anaongeza dozi asiyoijua.

Afrika Mashariki

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, yenye watu wapatao 161,000 wakati huo, wakakuta wagonjwa 33. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2008. Wengi wa watu hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari wana ugonjwa gani. Kutetemeka na kujikokota huchukuliwa kuwa uzee, au kazi ya mkono wa mtu.

Vidonge vya levodopa na karbidopa vimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo, ila nje ya miji mikubwa huwa vigumu kupatikana na bei yake huwaelemea wengi. Kwa kuwa kukatisha ghafla ni hatari, anayetumia hushauriwa kununua pakiti inayofuata kabla iliyopo haijaisha, na kubeba vidonge vyake mkononi, si kwenye mzigo, anaposafiri.